Mahari: Ukumbi wa Parokia

Mwaka 1998 Mzee Lalji alinunua kompyuta kwa ajili ya duka lake la vifaa vya ofisi pale Shinyanga mjini, akaniajiri mimi niiendeshe. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka tisa, na sikumruhusu mtu yeyote asahau hilo. Nimezaliwa Usukuma ndani kabisa, ambako "r" na "l" hazigombani. Nilipokuja mjini nikaona aibu kuongea kama watu wa kwetu, basi kila nilipokuwa na shaka niliweka "r". Niliiona ina hadhi.

Programu ya kuandikia ilijua Kiingereza tu. Nikiandika barua ya Kiswahili, ukurasa mzima ulijaa mistari myekundu chini ya maneno, kama daftari la mwanafunzi mzembe. Hilo liliniuma. Mimi, Mwalimu Gregory, nisahihishwe na kitu kisichojua hata "habari"? Nikagundua kuna mahali pa kubonyeza ili neno liingie kwenye kamusi ya mashine. Miezi mitatu nikawa nabonyeza kutwa. Kila nililoandika nililipitisha. Hatimaye barua nzima ikatoka bila mstari hata mmoja, nikatangaza dukani kwamba nimeifundisha kompyuta Kiswahili.

Agosti akaja Abel, karani kutoka Ushirombo, kuchapisha kadi za harusi yake na Nelly, binti wa Mzee Nkwabi. Rasimu yake ilikuwa safi: siku, saa, mahali. Nikainakili kama ilivyo, lakini chini ya "mahali" ukatokea mstari mwekundu. Nikaandika "mahari". Mstari ukapotea.

Mama Umesh, mke wa Lalji, alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akachungulia.

"Mwalimu, hapo si mahali?"

"Mama Umesh, mashine yenyewe imelikataa."

"Mashine imefundishwa na nani?"

"Na mimi," nikajibu kwa fahari, nikachapa kadi zote.

Baada ya siku nne Abel akarudi amenywea, nyuma yake mzee mrefu mwenye fimbo. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika kwa mbali, akaweka kadi mezani.

"Soma. Kwa sauti."

"Mahari: Ukumbi wa Parokia," nikasoma, na hapohapo nikaisikia ile "r".

"Ng'ombe wa binti yangu nilishawapokea," akasema Mzee Nkwabi. "Sasa ukoo mzima unaniuliza lini nimewarudisha nikachukua ukumbi. Shangazi yake anataka kujua tutaubeba na nini. Na Padri amenituma nimuulizie nani kautoa."

"Mzee, siyo mimi, ni kompyuta." Nikaandika "mahali" mbele yake ili ajionee. Mstari mwekundu ukatokea. Kwa sekunde chache nilijiona nimepona.

Mama Umesh akaniomba nifungue orodha ya maneno niliyoifundisha mashine. Akavaa miwani, akaanza kusoma bila haraka: "Chakura. Hospitari. Serikari. Baiskeri. Shure..."

"Shure?" akauliza Mzee Nkwabi. "Huyu si ndiye alikuwa mwalimu?"

Abel akaangua kicheko. Wateja nao wakafuata. Mzee akajikaza, akashindwa. Akakaa kwenye boksi la karatasi huku mabega yanatikisika. Mimi nilitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Kuchapa upya haikuwezekana; kadi ngumu zilikuwa zimekwisha. Nikachukua wino mweupe wa kufutia na kalamu nyeusi, nikarekebisha herufi moja kwenye kila kadi. Mzee Nkwabi, aliyeishia darasa la nne, alizipokea moja moja na kuzikagua. Tatu alinirudishia. Kadi zilizokwisha kugawiwa Abel alizizungukia kwa baiskeli, na harusi ikafanyika Jumamosi yake kama ilivyopangwa. Sikualikwa, na sikulaumu mtu.

Kusafisha ile kamusi kulinichukua wiki mbili. Mama Umesh aliketi pembeni na kamusi ya kitabu mapajani, mimi nikimsomea orodha. Mengi niliyafuta bila ubishi. Tulipofika kwenye "rakini" nikasita, nikamwambia hilo nina hakika nalo, nimelifundisha miaka tisa. Alifungua ukurasa, akanionyesha "lakini" kwa kidole. Nikafuta.