Sinia la Zaina Uwanjani

Asubuhi ya mechi, Asumani alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, akitia bati upya ndani ya kombe la shaba, pale aliposikia viatu vya ngozi vikiingia uani kwake. Kule Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini, watu hawavai viatu vya ngozi siku ya Jumapili isipokuwa wana kesi au wana cheo. Huyu alikuwa na cheo. Alikuwa délégué, mjumbe wa serikali wa michezo, ametoka Kinshasa wiki ile, na jasho lilikuwa limekwisha kumlowesha koti mgongoni. Nyuma yake alikuja Zéphirin, kapteni wa Maporomoko, timu ya wavuvi.

"Bon, papa fundi," alisema délégué. "Kombe letu liko ndani ya mashua, na mashua imekwama kwenye mchanga. Maji yamepungua. Tutaazima hili lako."

"Si langu," alijibu Asumani bila kuinua kichwa. "Ni la mechi."

Lilikuwa la mechi tangu 1961. Mwaka ule wakubwa wa hapa mjini walisema serikali ya Kongo nzima ndiyo hii yao, na ile ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ni ya wezi. Basi, serikali nzima inataka Super Coupe ya taifa zima, bingwa wa ligi apambane na mshindi wa kombe. Walitangaza kila kitu, wakasahau kombe lenyewe, kama kawaida yao. Zaina, mke wa Asumani, ndiye aliyeingia ndani akatoka na sinia la shaba la bibi yake, lililofika huku enzi za wafanyabiashara wa kale. "Fua hili liwe kombe," alimwambia mumewe. "Lakini pombe isiingie humo hata tone." Wavuvi walikubali. Ndipo ikawa desturi kwamba anayeshinda analijaza supu ya samaki wa mtego wa kwanza, na timu zote mbili zinakula humo, Waislamu na Wakristo, vidole kwa vidole. Ndiyo maana ya bati, kwani shaba tupu haifai chakula chenye ndimu.

Mwaka 1964 mechi haikuchezwa, wala miaka miwili iliyofuata. Wakubwa wapya, wale waasi, walikataza mtu yeyote kuvuka mto. Zaina akashikwa na homa, hospitali inaonekana ng'ambo, na Asumani akasimama ukingoni akimwomba askari ruhusa hadi sauti ikamkauka. Hakupewa, na Zaina hakupona. Baadaye wakaja wakubwa wengine kwa ndege, wakawafukuza wale, wakapiga hotuba. Asumani hakwenda kusikiliza. Kwake wote walikuwa wamoja, wanabadilishana kofia tu.

Délégué alilishika kombe kwa leso, akalizungusha kwenye mwanga. "Lakini zuri! Na haya mapambo, kapu, mwezi mwandamo, kapu. Alors, hapa chini andika: Toleo la Kwanza, 1967."

Zéphirin alikohoa. Asumani aliishia darasa la pili na herufi zilimshinda. Mwaka wa Maporomoko aligonga mtego wa samaki, ule unaofanana na kapu, na mwaka wa Hilali, timu ya Waislamu, akagonga mwezi. Mjini kila mtu aliyasoma.

"Bati halijapoa," alisema Asumani. "Nitalileta mwenyewe."

Délégué alipotoka, Zéphirin alimwinamia. "Papa Asumani, nyamaza tu. Ule mutu anaona maua. Atapita, kombe itabaki. Na mwenye kushinda leo anapanda ndege mupaka Kinshasa!"

"Na akisema ya kwanza?"

"Aseme! Mudomo ni yake."

Asumani alilifuta kombe kwa kitambaa. Alivuka mto na kombe limefungwa kwenye kitenge, hakuandika kitu.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Afisa wa jeshi alikaa kwenye kiti cha katikati. Délégué aliweka kombe mezani, akashika kipaza sauti: "Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu..."

"Uongo!" Asumani alikwisha simama. Alikwenda mezani, akalichukua kombe, akalipakata kama mtoto. "Hii si ya kwanza, iko ya ine! Ya kwanza, ile ya soixante et un, nani alishinda?"

"Maporomoko!" uwanja uliitika.

"Nani alifunga?"

"Faustin!"

"Na Faustin iko wapi leo?"

Hapo hakuna aliyeitika. Faustin alichukuliwa nyumbani kwake, na kila mtu alijua ni watu wenye bunduki, ingawa hawakuafikiana ni bunduki za nani.

"Papa, weka hapo," alisema délégué, sauti imeshuka. "Ukiendelea, hakuna mechi. Na ndege hakuna."

"Zaina alitoa sinia yake kwa mechi ya soixante et un. Mukisema haikuwako, basi mumeiiba."

Macho yote yakamgeukia Zéphirin. Alishika kiuno, akatazama mbingu, akasonya.

"Papa, umeniua," alisema. "Muke wangu Clothilde amenishonea suruali ya kupandia ndege!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitembea hadi mezani, akasimama ubavuni mwa Asumani. "Monsieur le délégué, Faustin ni mutoto wa mama yangu. Ile ya kwanza ni yake. Miye siwezi kuivaa."

Hemedi, kapteni wa Hilali, alikuja pia. "Miye nashinda ya ine ao sichezi," alisema. "Na nitashinda, mutaona."

"Utashinda usingizi!" alijibu Zéphirin.

Délégué alimtazama afisa. Afisa alikuwa akijipepea kwa kofia, amechoka na jua. Alipunga mkono: chezeni.

"Kwenye ripoti nitaandika ya kwanza," alisema délégué akiuma meno. "Na ndege msahau."

"Andika," alisema Asumani.

Filimbi ikalia. Hemedi akaanzisha mpira. Asumani hakulirudisha kombe mezani. Alikaa chini juu ya mstari wa pembeni, amelibana katikati ya magoti. Askari mmoja alimjia, bunduki mkononi.

"Papa, toka hapo. Haruhusiwi mutu."

"Piga," alisema Asumani, bila kuondoa macho kwenye mpira. "Lakini sogea kidogo, unanizibia goli."