Mvutano Maegeshoni

Mwashi alitundika timazi, kipimo cha wima chenye uzi na kitonge cha chuma, kwenye kona ya ukuta, na uzi ukalala upande. Akautuliza, akauachia. Ukalala vilevile, kuelekea mjini.

"Upepo?" aliuliza shemeji yake, aliyekuwa akichanganya zege.

"Upepo gani chumbani?"

Shemeji akachungulia uzi unakoelekea. "Basi ni marehemu dada yangu. Hakupenda uchelewe kurudi."

"Yuko mbali."

"Na mwezi je? Kati yake na dunia hakuna kamba, hata hewa hakuna, patupu kabisa, na bado wanavutana. Umbali unapunguza tu, hauachishi."

Mwashi hakubisha. Kilichomkera ni upande. Mkewe alizikwa makaburi ya zamani, kisha wakubwa wa manispaa wakatamani mahali hapo, jirani na ofisi zao, pawe pa kuegesha magari yao, wakatangaza kwamba marehemu wote wamehamishiwa mlimani. Mlima ulikuwa mgongoni mwake. Uzi ulielekea manispaa.

Jioni alipanda mlimani, akaning'iniza timazi juu ya kaburi lenye jina la mkewe. Hata hapo ilitazama mjini.

"Hamna mtu humu," alisema. "Wamehamisha vibao tu."

Kesho yake yeye na shemeji waliteremka nayo mjini. Kila walivyosogea uzi uliinuka, mpaka mlangoni pa maegesho ukawa umelala kabisa hewani. Mbele ya gari la ofisa wa manispaa timazi ilijitupa chini, uzi ukakatika.

Ofisa alitoka na kikombe chake cha chai.

"Mheshimiwa, mke wangu yuko hapa chini."

"Kumbe ndiyo maana magari yanaserereka kuja hapa. Tumebadilisha breki bure."

"Naomba atolewe. Mvutano ni mkubwa."

"Mzee, hapa hatutaki mvutano. Wenye mvutano huenda mahakamani."

"Si wa maneno, mheshimiwa. Ni wa kuvutwa."

"Wa aina yoyote."

Wiki hiyohiyo manispaa ilitafuta fundi wa kujenga kizuizi cha zege, magari yasiserereke tena.

"Usiende," shemeji alisema. "Watakucheka."

"Wameshacheka. Nisipokwenda mimi atakuja mwingine, atamgongea sururu kichwani."

Akaenda. Alijenga kutwa nzima huku magoti yakimzama kwenye lami kama mtu aliyebebeshwa magunia, na magari yakatulia kila moja mahali pake. Upande wa miguuni alishindilia kwa nyundo, kama kazi inavyotaka. Upande wa kichwani alitumia viganja.