Ufa Uliopasua Lipu

Kofi lilimkuta dada mwanajiolojia kabla hajamaliza sentensi. Kaka yake mkubwa, msimamizi wa machimbo ya mawe, alimzaba mbele ya wafanyakazi wote, damu ikamjaa mdomoni.

"Tunalipua saa sita," kaka akafoka. "Ufa huo ni wa enzi za babu. Usinipotezee muda!"

Juu yao ukuta wa mawe ulikuwa mrefu kama ghorofa tano. Chini yake kitinda mimba wao alikuwa akitoboa mashimo ya baruti, masikio kayaziba, hana habari.

Dada akatema damu, akamkwida kaka ukosi, akamburuta hadi ukutani. "Haya, soma! Tabaka la mawe ya chokaa liko chini, lilitangulia. Changarawe juu yake, ikafuata. Ufa umeyapasua matabaka yote mawili, basi umekuja baada yao. Na hii lipu ya saruji juu ya ufa, nani kaipaka?"

Kaka alimjua. Aliipaka mwenyewe Jumatatu, mkaguzi asiuone ufa, na akajiona mjanja kweli. Sasa ufa ulikuwa umeipasua lipu nayo. Kitu hakipasuki kabla hakijawekwa; mlima ulikuwa umesogea wiki hiihii.

"Saruji hupasuka ikikauka," akasema kaka.

Dada akaingiza ngumi nzima kwenye ufa. "Hivi?"

Kaka akamkaba koo. Wacha we! Dada alimshushia nyundo begani, mfupa ukalia, wala hakumwonea huruma. Akatimua mbio kumwendea kitinda mimba.

Kitinda mimba alipovutwa alidhani kavamiwa; akampiga dada kiwiko, pua ikavunjika. Hapakuwa na muda wa kubembelezana. Dada akampiga mpini wa nyundo kwenye ugoko, akaanguka, akamkokota kwa mguu huku akitukanwa matusi yote ya dunia.

"Mrudishe kazini!" Kaka aliwafuata, mkono mmoja ukining'inia. Vikokoto vikaanza kumdondokea kichwani. Akainua macho, akaelewa.

Ukuta ukashuka.

Vumbi lilipopungua, kitinda mimba alikuwa salama, anatapika. Kaka alikuwa amefukiwa hadi kifuani, mzima, na mawe yakiendelea kuteleza. Mkono uliobaki nje ya kifusi ni ule wa bega lililovunjwa.

"Dada, nivute."

Akaushika mkono, akavuta kwa nguvu zote. Kaka akapiga yowe ambalo dada hakuwahi kulisikia kwa mtu, naye, kwa kumhurumia, akauachia.

Mawe mengine yakashuka.