Pole kwa Kiingereza

Fundi wa boila na shemeji yake, mdogo wa mke wake, walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu siku ya posa. Siku hiyo yule binti, bado na sare ya shule, alimwambia dada yake wageni wakisikia: "Dada, huyu hata gazeti anaangalia picha." Watu walicheka, mahari yakapokelewa, ndoa ikafungwa. Miaka ishirini na miwili ilipita, na fundi hakusahau hata nukta ya sentensi ile.

Sasa kiwanda cha biskuti kilipata meneja mgeni asiyejua neno la Kiswahili, naye akatangaza kwamba fundi asiyezungumza Kiingereza ataondolewa kwenye mitambo mwisho wa mwaka. Mtu pekee aliyejitolea kuwafundisha wafanyakazi, kila Jumamosi alasiri ndani ya bwalo la chakula, alikuwa nani kama si yule yule shemeji. Kujitolea hakuna mshahara, lakini kuna raha yake. Unaweza kumsimamisha mume wa dada yako mbele ya watu ishirini ukamwambia, "Fundi, rudia. Mdomo ufungue, hatukuli."

Fundi alirudia. Alirudia huku akimlaani kimoyomoyo yeye na chaki yake. Kilichomfariji ni mwenzake wa benchi la nyuma, mfungaji wa katoni aliyepewa jina la Bi Kesho, kwa sababu kila alipoitwa asome alijibu, "Kesho, mwalimu." Miezi sita hakuwahi kumaliza sentensi moja. Lakini alimmegea fundi nusu ya andazi lake na kumnong'oneza, "Usimjali, huyo hata usingizini anasahihisha watu."

Jumamosi moja mwalimu aliandika ubaoni *sorry*. "Mtu akiumia, akiugua, akifiwa, Waingereza husema nini? Sorry. Yaani pole. Andikeni." Wakaandika. Bi Kesho alilipenda neno lile, akaliandika mstari mzima.

Halafu bomba la mvuke likapasuka. Fundi alikuwa ameshalisema bomba lile mara mbili kwa msimamizi wa zamu, kwa mdomo, naye msimamizi akajibu kwamba atafikisha. Hakufikisha. Jumatatu asubuhi mvuke ulitoka kwa mlio, ukamkuta Bi Kesho na katoni zake, ukamla mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Fundi alifunga vali, akambeba hadi kwenye bomba la maji, akammwagia maji ya baridi. Na kwa kuwa meneja alikuwa amesimama pale, na amri ya kiwandani ilikuwa Kiingereza tu, alisema alichofundishwa: "Sorry. Sorry. I am very sorry." Meneja akatoa kidaftari chake akaandika.

Alhamisi ikaja barua. Fundi aliisoma kwa kidole. Aliona jina lake, mbele yake *admitted*. Neno hilo alilijua la hospitali, kulazwa, akadhani makarani wamechanganya, maana aliyelazwa ni Bi Kesho. Jumamosi akampelekea mwalimu, wenzake wakiwa bado wanakaa.

Shemeji aliisoma mara mbili. "Wameandika umekiri kosa. Jumanne unaitwa kujieleza, na ukishindwa ndio basi, huna kazi."

"Nimekiri wapi mimi?"

"Ulisema sorry."

"Sorry si pole?"

"Ni pole." Akaikunja barua polepole. "Pia ni samahani."

"Pia." Fundi alilitafuna neno lile. "Hiyo pia uliificha wapi miezi yote hii?"

"Ni somo la mbele. Ningewafikisha."

"Mwenzako nafukuzwa kazi, wewe uko na somo la mbele."

"Shemeji, sikukusudia."

"Shemeji wa nani? Tangu lini ukanitaka? Ulingoja tu nianguke ukamwambie dada yako, si nilikwambia."

"Ningetaka uanguke ningekuacha na *yes, yes* yako uliyokuja nayo," alisema yule mwanamke, na sauti yake ilikuwa imebana. "Jumanne nitakuja nikutafsirie. Utake, usitake."

Fundi hakutaka. Usiku mzima alimwambia mkewe kwamba heri kwenda na bubu. Mkewe akajibu kwamba bubu angekuwa fundi mwenyewe, akageukia ukutani.

Jumanne ofisini walikuwa wanne: meneja nyuma ya meza, fundi na shemeji mbele yake, na Bi Kesho kando, ametolewa hospitali asubuhi ile aje kuwa shahidi, mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Alimsalimia fundi kwa kichwa, akatabasamu kidogo.

Lazima isemwe kweli hata kama inauma: shemeji alifanya kazi yake. Alieleza taratibu kwamba katika lugha yao kuna neno la kumhurumia aliyeumia, ambalo hata jirani asiyehusika hulisema, na kuna neno jingine la kuomba radhi, na kwamba yeye, mwalimu, ndiye aliyeyachanganya. Fundi alidaka nusu yake. Lile *teacher* na *my mistake* aliyasikia, na badala ya kulainika alizidi kuchemka. Ati leo ndio anakiri, mbele ya bosi, aonekane muungwana.

Meneja alisikiliza, akasukuma karatasi nyeupe. Maandishi hufutwa kwa maandishi, alisema. Fundi aandike mwenyewe, kwa mkono wake, kwa Kiingereza, alichokuwa nacho moyoni.

Shemeji akainama sikioni kwake. "Andika, *It was not my fault*. Kosa halikuwa langu. Nikutajie herufi."

*Fault*. Neno lile hakuwahi kulisikia. "Na hilo nalo lina pia yake?"

"Halina. Niamini."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Fundi aliivuta karatasi upande wake, akaikinga kwa kiwiko. Aliyajua maneno manne yaliyomponza, na alijua, kwa somo la juma la tatu, kwamba Kiingereza hukanushwa kwa *not*. Akaitia mahali pa *very*. Aliandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu: I AM NOT SORRY.

Shemeji alipoiona, alikuwa ameshachelewa. Alifumba macho.

Meneja aliisoma, akainua nyusi, akacheka puani. Basi hakuna aliyekiri, alisema, akaichana ripoti yake iliyosema fundi amekiri. Fundi alijua amepona, na kifua kilimtanuka. Ilibaki saini ya shahidi tu. Karatasi ikasogezwa kwa Bi Kesho.

"Nikusomee?" shemeji aliuliza haraka, akinyoosha mkono.

"Acha. Nasoma mwenyewe." Bi Kesho aliivuta kwa mkono wa kushoto. Midomo yake ilicheza. "*I. Am. Not.*" Akatulia kwenye neno la mwisho, lakini si kwa kutolijua. "*Sorry.*"

Ilikuwa sentensi nzima. Hakuna aliyempongeza.

"Fundi," alisema, "siku ile naungua nilikusikia. Maneno yote ya kizungu yalikuwa yananipita, hilo nikalijua. Nikasema moyoni, angalau huyu ananipa pole. Kumbe ulikuwa umeniazima tu, na leo unaichukua?"

"Dada, hiyo ni ya ofisini. Sio wewe."

"Aliyeungua ni nani?"

Akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kisha akakaa akimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia fundi aibu. Alikuwa anangoja.

"Mwambie kwa Kiswahili," shemeji alinong'ona. "Mwambie sasa hivi."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, silabi mbili tu. Lakini meneja naye alikuwa anatazama, kalamu mkononi, na shemeji aliponong'ona, meneja alimgeukia akamuuliza wanasemaje. Fundi alijua pole ikitoka itatafsiriwa, na alijua itatafsiriwaje. Akaufunga mdomo.

Bi Kesho alingoja kidogo zaidi. Kisha akasimama, akaukumbatia mkono wake wenye bandeji, akaenda zake, na fundi akarudi kwenye boila.