Ting ya Baba Mkwe

Nyumba ile ilikuwa na msiba usio na maiti. Ungepita saa ya chai ungeelewa: mzee yuko kitini, kikombe mkononi, na hasemi kitu. Huyu ni fundi bati mstaafu, mtu ambaye akitumwa dukani kununua kiberiti hurudi na kisa cha chui aliyemwomba moto njiani. Sasa alikuwa akitumwa kiberiti, anarudi na kiberiti.

Chanzo kilikuwa ting.

Enzi za ujana wake mzee alipiga kichuma cha pembetatu kwenye bendi. Kichuma chenyewe alikikunja kwa mkono wake karakanani, kutoka kipande cha nondo. Bendi ikarekodi wimbo mmoja uliovuma, na ndani ya wimbo huo yeye alipiga ting. Moja tu, kabla mwimbaji hajaingia ubeti wa mwisho. Kuna watu wametoa albamu kumi na hawakuzifaidi kama mzee alivyoifaidi ting yake. Kwa masimulizi yake, ilitoka kwenye chuma ikazunguka chumba cha kurekodia, ikapita dirishani, mbwa wa mtaa wa pili wakasimama kuisikiliza, na fundi mitambo alipofunga mlango kwenda kula, bado ilikuwa inalia. "Tiiiiiiing!" alikuwa akisema, huku mkono ukiisindikiza hadi nje. Wajukuu wakambatiza Babu Ting, naye akalipenda jina kuliko lile la kuzaliwa.

Hakuna mwingine aliyewahi kuisikia. Kanda waliyokuwa nayo nyumbani ilikwaruza kiasi kwamba humo ndani ungeweza kuficha hata ng'ombe. Halafu mwaka huu mtu akaupata mkanda wa asili, ukasafishwa, na wimbo ukatoka upya kwenye simu. Mwanawe mzee akauunganisha na spika ya sebuleni Jumapili moja, nyumba imejaa mashemeji. Wote wakatega masikio. Ubeti wa mwisho ukaja, ukapita, wimbo ukaisha. Ting haikupita hapo.

Shemeji mmoja akajikohoza. Mke wa mzee, ambaye amemtania kwa ting hiyo tangu uchumba, akasema, "Labda bado iko nje na wale mbwa."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mzee naye alicheka. Lakini tangu jioni ile hakusimulia tena kitu, na aliyekuwa akimwona vizuri kuliko wote, pengine kwa sababu hakuzaliwa mle ndani, ni mke wa mwanawe.

Mkwe huyu alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi hajaielewa hadi leo: kulinganisha hedifoni. Si zile za kununua barabarani ukisubiri basi. Hizi ni ndogo kama punje za maharage, za kuchomeka ndani ya sikio, na bei yake mteja hutajiwa akiwa amekaa. Duka lilimwajiri azisikilize, kisha awasaidie wateja kuchagua.

"Baba," alisema siku moja akimmiminia chai, "njoo kazini kwangu. Kuna hedifoni tatu zimenitatiza. Nataka sikio la mwanamuziki."

"Mwanamuziki gani, mwanangu? Mimi ni fundi bati."

Mkwe aliweka birika chini taratibu. Siku zote mzee alikuwa akijiongezea. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akijipunguza.

Walikwenda watatu, maana mama mkwe hakukubali kubaki. Alidai mume wake akiachwa peke yake mjini atapotea. Dukani alibaki orofa ya chini, karibu na mlinzi, akatoa sindano zake za kufumia, wengine wakapanda.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo, kuta zimevishwa zulia, na kiti kimoja cha maana. Mkwe alikuwa na masharti yake humo ndani na hakuyalegeza kwa mtu. Kwanza, hedifoni zote zisawazishwe sauti kwa kipimo, kwa kuwa yenye makelele zaidi humdanganya msikilizaji kwamba ndiyo bora. Pili, vipira vya nchani vikae sikioni barabara; vikiachia upenyo, besi yote inavuja. Tatu, na hili alilishika kama dini: msikilizaji asiambiwe asikilize nini. Aliwahi kumwambia mteja kwamba nyuma ya gitaa kuna mtoto analia. Mteja akamsikia mtoto, akasema hata jino linamsumbua. Mtoto hakuwapo.

Kumvisha baba mkwe hedifoni ilikuwa shughuli. Si rahisi kumshika sikio mzee unayemwamkia kila asubuhi. Akamwonyesha kwenye sikio lake mwenyewe, mzee akaiga, akachomeka ya kulia kushoto, akaanza upya.

"Haya, baba. Nyeusi."

Mzee akasikiliza wimbo wake. "Besi nzito hii. Kama nimefunikwa blanketi na bendi iko nje ya blanketi."

"Hii ya fedha?"

"Mwimbaji anakaanga kitu. Kila akitamka 'si', mafuta yanaruka."

Mkwe akatabasamu. Ndivyo yeye mwenyewe alivyoziona, ila hakuwa ameyapata maneno matamu hivyo. Akampa ya tatu, ya kijani. Mzee akafumba macho, uso ukalainika. "Ee. Hapa kila mtu amekaa kwenye kiti chake. Mpiga besi huyu kushoto, nasikia hadi vidole vikiteleza kwenye uzi. Tarumbeta kule nyuma, mlangoni, alipokuwa amesimama kweli." Akainama mbele. Ubeti wa mwisho ukapita. Akazichomoa.

"Haipo," akasema.

"Baba..."

"Haipo, mwanangu. Huenda waliifuta. Huenda sikuipiga. Mtu ukisimulia jambo sana unaweza kujidanganya hata mwenyewe."

Mkwe akabadilisha vipira, akaivaa ile ya kijani yeye. Wimbo ukaenda. Ukafika karibu na ubeti wa mwisho. Na hapo, juu kabisa, kulia kidogo, akaisikia. Safi, kama kijiko kimegusa glasi.

Alitaka kupiga kelele. Kisha sharti lake mwenyewe likamzuia: hii ting ameambiwa mara ngapi? Tangu aolewe anaambiwa. Yeye na yule mteja wa mtoto anayeota meno wana tofauti gani? Akarudisha. Akavaa nyeusi, akavaa ya fedha, akarudi kwenye kijani. Kila mara ilikuwa palepale.

"Ipo," akasema hatimaye.

Mzee akamtazama kwa upole unaoumiza. "Ahsante, mama. Nyinyi watoto mna roho nzuri. Usinihurumie."

"Sikuhurumii, baba. Ipo. Wewe huisikii kwa kuwa ni sauti nyembamba ya juu, na sikio lililokaa na nyundo na bati maisha yote hupoteza hizo kwanza. Na spika yetu ya sebuleni inajua besi tu."

"Mimi ndiye niliyekwambia ipo. Ningekwambia kuna jogoo, ungemsikia."

Alikuwa sahihi, na ndilo lililomchoma. Mkwe akarudisha tena, safari hii akiacha kuitafuta ting na kuisikiliza tu ilivyo. Akakunja uso.

"Ila, baba, mbona haiendi? Wewe husema inalia hadi dirishani. Hii inagonga, ting, halafu inakufa hapohapo. Kama mtu kaishika."

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umejifunga wenyewe juu ya goti, taratibu, kama unaobana kitu.

"Niliishika," akasema. "Kiongozi wa bendi alinikataza kuiacha ilie. Alisema itamwingilia mwimbaji anapovuta pumzi. Gonga, shika. Tulifanya mazoezi ya kushika kuliko ya kugonga." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hilo sijamwambia mtu. Nani anataka kisa cha ting iliyoshikwa?"

Kisha mzee akasema, "Niitie mama yako."

Mama mkwe akapanda akilalamikia ngazi. "Mmemfanya nini? Mbona macho mekundu?"

"Vaa," mzee akamwambia.

"Nisikilize nini?"

Mzee akafungua mdomo, akamwona mkwewe anatikisa kichwa. Basi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea, alijinyima maneno kwa hiari yake. "Sikiliza tu."

Akazivaa bila taabu, mikono ya mfumaji. Wimbo ukaanza. Alipigapiga kidole gotini, akaangalia dari. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, kidole kikasimama. Macho yakapepesa mara moja. Akazichomoa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Haka? Hiki kikohozi cha kijiko ndicho nilichochumbiwa nacho?"

"Ndicho."

Akamkazia macho muda mrefu. "Na mimi nikawaambia baba na mama naolewa na mwanamuziki." Kisha akazirudisha masikioni. "Rudisha. Nilikuwa sijakaa vizuri."

Mkwe akarudisha. Mzee akavuta mwili mbele, karibu na uso wa mkewe, akimchunguza kope. Wimbo hakuusikia hata kidogo, lakini kope zilipopepesa akasema, "Hapo," na mkewe akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Akataka irudishwe tena. Na tena.

Hedifoni ya kijani iliandikiwa sifa zote siku ile, ijapokuwa haikuwa ghali kuliko zote, na mkwe hakueleza dukani alivyofikia uamuzi.

Walipokuwa wakishuka, mlinzi akauliza kama vile vidude kweli vina tofauti na vya barabarani.

"Tofauti?" mzee akasimama ngazi ya mwisho. "Bwana mkubwa, nimevaa kimoja nikasikia hadi mwimbaji alichokula asubuhi."

"Alikula nini?" mlinzi akauliza.

Mke wa mzee akatoa sindano zake za kufumia, akaketi. Mzee akavuta kiti.