Barua ya Viti

Karani mstaafu wa mahakama alikuwa na kikundi chake cha kusoma vitabu, na alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda hakimu yeyote. Kila Jumamosi saa tisa alasiri watu saba walikusanyika sebuleni kwake kujadili utu na haki, maana waliamini kwamba mambo ya binadamu hutengenezwa na binadamu mwenyewe. Kwa miezi minne walikuwa wakisoma kitabu kimoja juu ya haki za wafanyakazi. Walikuwa wamefika sura ya tatu.

Jumamosi moja akaingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mfuaji wa mashuka hospitalini. Hakuja kusoma. Alichagua kiti laini kuliko vyote, akavua viatu, na mwalimu wa historia alipofika kwenye maana ya neno "ukandamizaji," yeye akaanza kukoroma.

Wifi alipozinduka, Karani, uso umemshuka kwa aibu, alimuuliza kwa upole wa kimahakama, "Wifi, una maoni gani juu ya sura hii?"

"Nzuri, wifi. Imenilaza fofofo." Akajikanda vifundo vya miguu vilivyovimba hadi ngozi inang'aa. "Mimi nilitaka kuuliza tu kama kuna anayejua kuandika barua. Msimamizi mpya kaondoa viti vyote, anasema kiti ni mama wa uvivu. Tuko wanawake kumi na mmoja, tunakunja mashuka kwa saa nane tumesimama."

Haki waliyokuwa wakiitafuta kitabuni ilikuwa imekuja kwa miguu yake, tena iliyovimba.

Wiki nzima wanakikundi waliandika barua. Mwalimu alianzia pale binadamu alipogundua moto. Daktari wa meno alitaka neno "utu" lianze kwa herufi kubwa, wakabishana saa nzima. Jumamosi iliyofuata Karani alimsomea wifi yake kurasa tisa kwa sauti ya kusoma hukumu. Wifi alivumilia mpaka ukurasa wa nne.

"Viti viko ukurasa wa ngapi?"

"Wa nane," alisema mwalimu.

"Basi hii barua mtu ataisoma akiwa amekaa. Sisi hatuwezi."

Karani aliumia, maana kurasa tano zilikuwa zake. Lakini miaka thelathini mahakamani ilikuwa imemfundisha jambo: hakimu husoma ukurasa wa kwanza, zinazobaki huzipima uzito kwa mkono. Akashusha pumzi, akachukua karatasi safi. "Sema wewe. Mimi niandike."

Wifi akasema: "Sisi wafuaji kumi na mmoja tunasimama kwa saa nane kila siku. Tunaomba viti vyetu virudi. Tukikaa, mikono haikai." Kisha akasita. "Na wakinifukuza, wifi?"

Hilo halikuwamo katika sura yoyote.

"Nitakwenda na wewe," alisema Karani.

Wafuaji wote kumi na mmoja wakatia sahihi, na Jumatatu mawifi wawili wakaingia ofisini kwa mganga mkuu wa hospitali. Karani alikuwa ameandaa hotuba, ila mganga mkuu alimaliza kusoma barua kabla Karani hajakohoa. "Kumbe viti viliondolewa?" aliuliza, akaandika kitu pembeni mwa barua. Karani alibaki na hotuba yake mdomoni kama mtu aliyenyimwa chakula mezani.

Siku tatu baadaye vikarudi viti sita. Wanawake wakakaa kwa zamu. Msimamizi akaacha kumsalimia Wifi, naye akasema hiyo nayo ni mapumziko.

Jumamosi alikuja na wenzake wawili. Mwalimu alifungua sura ya nne kwa matumaini.

"Ngoja kwanza," alisema Karani, akitafuta kalamu yake. "Vimebaki vitano."

Mwalimu akaomba aya moja tu ya historia katika barua mpya. Walimpa sentensi.