Ukoo wa Kilo Tano

Kuna koo zinazojivunia wasomi, nyingine zinajivunia mashamba. Ukoo nilikoolewa unajivunia uzito wa watoto siku ya kuzaliwa. Shemeji yangu mkubwa ni Nne na Robo, na mpaka leo analalamika kwamba mzani wa siku ile ulikuwa mbovu. Anayemfuata ni Nne na Nusu. Mume wangu, kitinda mimba, ni Kilo Tano kamili, na jina hilo limemganda hata kazini, ingawa sasa ni mwembamba kiasi kwamba mkanda wake nimeutoboa matundu mapya kwa msumari. Wifi yangu, kifungua mimba, alizaliwa na kilo tatu. Ni mwalimu mkuu, ndiye anayepigiwa simu kila kitu kikiharibika, lakini ndugu wakikusanyika yeye hukaa karibu na mlango.

Siku Kilo Tano aliponipeleka kwao kunitambulisha, mama yake hakuniuliza kazi wala dini. Aliniuliza nilizaliwa na kilo ngapi. Nikasema sijui, mama yangu hakuwahi kuniambia. Alimtazama mwanawe kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa simu bila chaja.

Kwa hiyo niliposhika mimba nilijua mapema kwamba mimi ni mtunzaji tu wa mali ya ukoo. Mama mkwe alihamia kwetu na sufuria zake, akasema zangu ni za kupikia wanasesere. Asubuhi mkate na chai ya maziwa ambayo kijiko kingeweza kusimama ndani yake. Saa nne uji. Mchana wali mlima mzima, na jioni mlima mwingine. Nikisema nimeshiba ananijibu, "Umeshiba wewe. Huyo wa ndani hana mkono wa kuchota."

Kazini nako sikupata nafuu. Mimi ni msusi, na saluni ni mahali ambapo mwanamke akikupa kichwa chake anajiona ana haki juu ya tumbo lako. Huyu ananiambia nimenenepa mno, yule aliyekaa kiti cha pili ananiambia nimekonda, mume wangu hanilishi. Gauni ni lilelile, siku ni ileile. Aliyenishauri kwa kirefu kuliko wote hajawahi kuzaa wala kuuguza paka.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, mkunga wa kliniki alininywesha glasi ya maji matamu, akanikalisha kwenye benchi, kisha akanitoa damu. Ni mwanamke mfupi, anasema haraka, hana muda wa kubembeleza mtu.

"Una kisukari cha mimba," aliniambia.

Nilidhani amechanganya damu yangu na ya mtu mwingine.

"Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoisumbua insulini yako, ili chakula kibaki kwenye damu na mtoto apate. Wengi miili yao inaongeza insulini, mambo yanakwenda. Wako umezidiwa. Sukari inabaki nyingi, inapita kwa mtoto, naye anaigeuza mafuta. Uzito wako umechangia, ila nimewaona wembamba nao wanaipata, kwa hiyo usianze kujilaumu hapa, watu wako kwenye foleni."

Akanipa kifaa cha kupimia sukari kwa damu ya kidole, na masharti: nusu ya sahani iwe mboga, wali kidogo, chai isiyo na sukari, na nikimaliza kula nitembee. Sukari isiposhuka angenilaza wodini mpaka siku ya kujifungua, na huenda ningepasuliwa. Niliogopa. Hii ilikuwa mimba yangu ya kwanza, nayo nilikuwa nimeipata baada ya kuisubiri kwa muda mrefu.

Nyumbani mama mkwe alisikiliza yote, akacheka. "Sukari ni ugonjwa wa wazee. Mtoto anakua vizuri, wao wanataka kumnyima. Wanalipwa mshahara wa kututisha."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anakagua dari.

"Mama ni mama," alisema hatimaye. "Wewe kula kidogo, umridhishe."

Kilo tano za nyama, lakini uti wa mgongo haufiki hata robo.

Baada ya maneno mengi tulipatana: wali ukapungua, sukari ikatoka kwenye chai. Nikadhani nimeshinda. Kesho yake, saa nne, mama mkwe aliingia saluni na chupa ya uji kwapani, akamimina kikombe mpaka juu, akasimama mbele yangu. Mteja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Nikaonja.

"Mama, hii ina sukari."

"Ina asali. Asali ni dawa."

Wateja wote wakaniangalia. Mmoja akasema angepata mkwe kama huyu asingelala bila kumwombea. Mama mkwe alisubiri, mkono kiunoni, mpaka kikombe kikaonyesha kitako, kisha akaondoka zake. Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Nililelewa nikiambiwa kwamba mkwe hakataliwi kikombe, na malezi yakishakuingia hayaulizi kipimo cha damu.

Namba za kwenye kifaa zilipanda. Mkunga aliziona, akafoka, akaniagiza nirudi wiki ile ile na mtu anayepika nyumbani kwangu.

Mama mkwe alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Tulianza kwenye chumba cha picha, ambako kijana wa mashine alizungusha kifaa juu ya tumbo langu akasema mtoto ni mkubwa kuliko umri wake, hasa tumboni. Mama mkwe alifumba macho kwa shukrani. "Hata hajazaliwa," aliniambia tulipotoka, "na ameshaanza kumkaribia baba yake."

Mkunga hakutukaribisha kwa shangwe. Alizitazama namba zangu, akavua miwani.

"Dada, unanidanganya. Asubuhi uko sawa, usiku uko sawa, kabla ya mchana inapanda. Saa nne unakula nini?"

Nikatazama viatu vyangu, ile sehemu niliyoweza kuiona. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, mkoba mapajani. Kumshtaki mbele ya mtu baki sikuweza. Heri nionekane mlafi.

"Nitajirekebisha," nilisema.

"Mtoto mkubwa ni baraka," mama mkwe aliingilia. "Mimi nimezaa tatu, nne na robo, nne na nusu, tano. Sikupasuliwa hata mara moja."

Mkunga alimgeukia. "Kila mmoja alimzidi aliyemtangulia?"

"Ndiyo." Alisema kwa raha.

"Uliwahi kupimwa sukari?"

"Enzi zetu nani alikuwa anapima sukari? Tulikuwa tunazaa tu."

"Basi nisikilize, mama. Mtoto anayekuzwa na sukari hanenepi sawasawa. Mafuta yanajaa tumboni na mabegani. Kichwa kinatoka, watu wanashukuru, halafu mabega yanakwama. Hapo muda ni mfupi sana. Ndiyo maana namfokea huyu."

Mama mkwe alikuwa anacheza na kifungo cha mkoba. Akaacha.

"Kabla ya huyu wa mwisho alikuwepo mwingine," alisema.

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilipomuuliza mume wangu baadaye, naye hakuwahi.

"Kichwa kilitoka. Waliniambia ana nywele nyingi. Basi hapo hapo akasimama, hakuja."

Mkunga alishusha sauti. "Alikuwa na kilo ngapi?"

"Hakuna aliyempima."

Kule nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa kuchomwa sindano, na mama yake anamdanganya kwamba imekwisha.

"Mama mkwe wangu alisema mimi ni mvivu wa kusukuma," aliendelea. "Alilisema msibani, akalisema mpaka anaingia kaburini. Mimba iliyofuata nilisukuma mpaka nikazimia. Mtoto alipopimwa akawa kilo tano, nikampelekea mwenyewe mikononi. Nikamwambia, mshike huyu, halafu uniambie mvivu ni nani."

Miaka yote nilidhani anatamba. Nikajikasirikia kwa sababu nilikuja pale nikiwa na hasira naye, hasira niliyokuwa nimeitunza vizuri.

"Hukuwa mvivu, mama," mkunga alisema. "Mabega yakikwama, mzazi hata asukume vipi hayatoki kwa hilo. Anayemzalisha ndiye anatakiwa ajue la kufanya. Wewe hukukosea."

"Sema tena."

Mkunga, yule asiyekuwa na muda, alisema tena, neno kwa neno, polepole. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kila neno, mithili ya mtu anayehesabiwa chenji yake.

Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo.

"Huyu usimfokee," alisema. "Uji wa saa nne nampelekea mimi. Una asali. Nasimama pale mpaka amalize."

Mkunga alinitazama, akamtazama yeye, akachukua kifaa mezani. "Lete kidole na wewe."

Alikitoa bila ubishi. Sindano ilipomchoma hakuangalia damu yake wala namba iliyotokea, aliniangalia mimi.

"Kesho saa nne," aliniambia, "nitakuletea maji."